Utando wa Uji

Mafundi wa Grogan huiita klia. Ni rangi isiyo na rangi. Inapigwa mwisho kabisa, juu ya nyekundu, ya buluu au ya fedha, na kazi yake ni kukaa pale kama haipo. Ukiona nganya mpya imetoka gereji inang'aa hadi unaweza kuchana nywele ukijitazama ubavuni mwake, usisifu michoro. Michoro ikikauka peke yake huwa butu, kama chaki ubaoni. Kinachong'aa ni klia. Baba yangu ameipiga kwa zaidi ya miaka 30 pale karibu na Kirinyaga Road, na wateja wake wengi huamini kwamba hiyo ndiyo sehemu rahisi ya kazi, kwa sababu ikiharibika haiharibiki siku hiyo. Inaharibika baadaye, fundi akiwa ameshalipwa na gari liko Kitengela.

Siku hizi nami nashinda na klia, ila si ya magari. Naishi katika kitongoji kimoja magharibi mwa Chicago, na siku 3 kwa wiki nafanya kazi kwenye karakana inayofufua mashine za pinboli. Nikiwaambia watu wa nyumbani, kuna kimya fulani kwenye simu. Pin-nini? Hapo huwakumbusha Space Cadet, ule mchezo uliokuja ndani ya Windows XP, tuliokuwa tukiucheza saiba mtandao ukipotea na dakika zako bado zinahesabiwa. "Aaah! Kumbe ni kitu ya ukweli?"

Ni kitu ya ukweli, na ni nzito. Sanduku la mbao lenye miguu minne, kioo juu, na chini ya kioo ubao ulioinama kidogo kumwelekea mchezaji. Ubao huo ndio uwanja. Ni plaiwudi yenye unene wa nusu inchi hivi, uso wake wa mbao ngumu nyeupe, na juu ya uso huo kuna picha iliyochapwa rangi moja baada ya nyingine. Umetobolewa matundu, na kwenye matundu vikapachikwa vidirisha vya plastiki ili taa ziwake kutoka chini. Juu ya picha hiyo hukimbia gololi ya chuma, kama bano kubwa: milimita 27, gramu 80 hivi. Wewe una vitufe ubavuni vya kurusha flipa, zile fimbo ndogo mbili zinazopiga gololi isitumbukie shimoni. Flipa zenyewe zililetwa na kampuni ya Gottlieb mwaka 1947, kwenye mashine iliyoitwa Humpty Dumpty. Gottlieb, Bally, Williams: wote walikuwa watu wa Chicago, mji ambao uliwahi kuzipiga marufuku mashine zilezile ulizokuwa ukiiuzia dunia. New York nayo ilizifungia hadi 1976. Meya wake wa zamani, La Guardia, alipigwa picha akizivunja kwa nyundo. Sisi tuliowahi kuona serikali ikichoma mashine za kamari tunaielewa picha hiyo bila maelezo.

Sasa chukua hizo gramu 80 za chuma, uzipitishe juu ya picha moja mara laki kadhaa.

Kwa miaka mingi picha ilifunikwa kwa laka nyembamba tu, ya aina inayokauka kwa thina kupaa hewani. Laka hiyo iliisha. Ilianza kuchakaa mbele ya flipa na kuzunguka bampa, ikafuata rangi, mwishowe mbao ikabaki tupu, kijivu kwa uchafu. Na uchafu wenyewe ni adui: vumbi jeusi la koili na gololi iliyokwaruzika hufanya kazi moja na msasa. Vidirisha navyo vikazama au vikainuka, kwa sababu plastiki na mbao havipanuki sawa na gundi ya zamani huchoka. Viwanda vikajaribu kubandika Mylar, plastiki nyembamba ya kunata, juu ya sehemu zinazoumia zaidi. Mylar inalinda kweli, lakini ukija kuibandua baada ya miaka 30 inaweza kuondoka na picha yote. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Williams, ambao wakati huo walikuwa wameshainunua pinboli ya Bally, wakawa wanatoa viwanja vyenye koti gumu waliloliita Diamond Plate. Jina la kifahari, bana. Bosi wangu aliponieleza ni kitu gani nilicheka: ni poliyurethani ya vikopo viwili, klia na hadena. Ndugu wa damu wa kile anachochanganya Baba kwenye mkebe uliokatwa.

Ndiyo maana niliajiriwa, kusema kweli. Sikujua chochote kuhusu pinboli. Lakini siku ya mahojiano kulikuwa na uwanja mezani, nikauinamisha kwenye mwanga wa dirisha bila kuambiwa, na nikasema huu umepigwa msasa vibaya kabla ya koti la pili. Bosi akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Nairobi. Akadhani ni jina la chuo.

Kazi yetu kubwa ni kuhamisha. Mashine za miaka ya 1970 na 1980 zimezeeka, na waliozicheza wakiwa vijana sasa wana pesa, kwa hivyo kuna soko la viwanja vipya vya mashine za zamani: ubao mpya, matundu yaliyokatwa kwa kompyuta, picha iliyochapwa upya, halafu klia juu. Unang'oa uwanja wa zamani na kuhamishia kwenye mpya kila waya, kila taa, kila koili, kila skrubu. Unapiga picha mia kadhaa kabla ya kugusa kitu. Ukianza kutoboa, kwanza unazungusha drili kinyumenyume, taratibu, mpaka ncha yake ikwaruze klia na kuifungulia njia. Ndipo unaigeuza na kutoboa mbele. Usipofanya hivyo klia inaruka kama ganda la yai. Uwanja mtupu pekee, bila kazi ya fundi, hugharimu mamia ya dola, na mara nyingine hupita elfu.

Mtu akilipa pesa hiyo anataka kuona kitu. Na kitu anachotaka kuona ni unene. Anauinamisha chini ya taa, anaona balbu ndani ya ubao kama mwezi ndani ya kisima, anapiga picha. Anaandika: tazama hii klia! Watengenezaji wanajua hivyo, kwa hivyo wanamwaga. Na hapo ndipo shida yote huanzia.

Baba ana namna yake ya kuwaeleza wanafunzi wake wa gereji. Uji ukiutoa motoni unaweka utando juu. Ukigusa utando kwa kijiko, umekauka. Mtoto anadhani umepoa. Chini yake bado unaweza kumbabua ulimi. Klia nene ni hivyo hivyo. Ndani yake mambo mawili yanaendelea kwa pamoja: thina inapaa, na hadena inashikana na resini hadi viwe kitu kimoja ambacho hakirudi tena kuwa maji. Ukipiga koti jembamba, ukangoja, ukapiga jingine, thina inapata njia ya kutoka. Ukimwaga yote leo, juu kunafunga kwanza na thina inabaki imefungiwa chini. Inaendelea kutoka, polepole, kwa wiki nyingi. Kukiwa na baridi inachelewa zaidi, na ile kazi ya hadena nayo inalegea. Grogan jua la Februari linamsaidia fundi bure. Hapa Januari ukitoka nje pua inaganda, na bili ya kupasha karakana joto ni ya kukufanya uombe.

Sasa juu ya klia hiyo, ngumu usoni na laini tumboni, unasimamisha vigingi vya chuma na kuvikaza kwa skrubu. Kigingi kinabonyea. Klia inasukumwa pembeni na kujikunja chini yake kama soksi iliyolegea. Wakusanyaji wa mashine hizi wana neno lao, wanasema imefanya kidimbwi. Halafu gololi inakuja, gramu 80, na kugonga kigingi hicho mara mia kwa usiku mmoja. Kila pigo linakitikisa kidogo. Siku moja kipande cha klia kinainuka kama gamba la samaki, na kikiinuka hakiendi peke yake, kinabeba picha. Laka ya zamani ilikuwa ikichakaa, unaiona ikiondoka mwaka baada ya mwaka. Hii ya sasa inabanduka. Mashine ina mwezi mmoja na tayari mbao inachungulia.

(Kuna jambo jingine ambalo wateja hulalamikia na ambalo huwa nawaambia walale tu. Uwanja mpya ukichezwa siku ya kwanza hupata vishimo vidogo vidogo, ukiutazama kwa mshazari unaonekana umepigwa na mvua ya mawe. Hiyo si klia. Ni mbao iliyo chini inabonyea, na klia inaifuata. Chuma ni chuma. Baada ya michezo elfu kadhaa vishimo vinajaa kila mahali hadi huvioni tena.)

Katika miaka ya hivi karibuni kelele za kubanduka zimefika hata kwenye mashine mpya kabisa, zilizotoka kiwandani. Watu wanabishana ni kemikali gani iliyobadilishwa, ni wino gani usioshika, nani alipaswa kupiga msasa. Mengine yana ukweli: klia isiposhika wino, au wino usiposhika mbao, hata ungengoja mwaka mzima itatoka. Lakini viwanja vingi vilivyopita mikononi mwangu na shida yake vilikuwa na ugonjwa mmoja, haraka. Aliyetengeneza anataka kutuma kwa sababu ana watu 300 kwenye foleni. Aliyenunua amesubiri mwaka mzima na hawezi kusubiri mwezi. Na fundi kama sisi hulipwa mashine ikiondoka, si ikiwa imelala.

Januari iliyopita tuliletewa Eight Ball Deluxe, mashine ya Bally ya 1981. Picha yake ni ya biliadi, ile mtaani tunaita pool, na vidirisha vyake vina namba za mipira, kwa hivyo ni mashine ya kwanza niliyoielewa bila kufundishwa. Aliyeileta ni jamaa wa miaka 50 na kitu. Mzee wake aliwahi kuwa na baa, na mashine hiyo ilisimama humo miaka yote, karibu na mlango wa choo. Baa ikauzwa, mashine ikaenda kulala nyumbani chini ya turubali. Uwanja wake ulikuwa umekwisha: upara wa mbao mbele ya flipa ya kulia, vidirisha vimezama. Jamaa alikuwa ameagiza uwanja mpya kitambo, nao ukafika kwetu wiki ileile. Mzee alikuwa ametoka hospitali. Moyo. Mwanawe alitaka acheze mashine yake ikiwa kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Hakutaja miezi. Alitaja wiki.

Tulipofungua sanduku harufu ilitutangulia. Tamu kidogo, ya kuchoma puani: thina. Picha ilikuwa safi sana, sitamwibia aliyeichapa sifa yake. Klia ilikuwa nene kama kioo cha saa. Chini kabisa ya uwanja kuna sehemu ambayo baadaye hufunikwa na bamba la chuma. Nikabonyeza kucha ya gumba hapo, nikahesabu hadi 10. Alama ikabaki, kama mwezi mchanga. Asubuhi yake nilikuta bado ipo. Bosi akamwandikia mtengenezaji, akajibiwa kwamba koti la mwisho lilipigwa mwishoni mwa Desemba.

Bosi ni mtu mzuri, na ni rika la Baba. Akasema tutaweka washa za plastiki chini ya kila kigingi, tutakaza kwa mkono mwepesi, itakaa. Watu wengi hufanya hivyo na wengine hawapati shida, si uwongo. Nikasema uwanja huu unataka wiki 8, umesimama wima, karibu na hita. Akanitazama tu.

"Huyo mzee hana wiki 8."

Hapo ndipo nilipokwama. Kemia haijui mtu anaumwa. Na mimi nisingeweza kumwambia mtoto wa mtu kwamba baba yake asubiri thina ipae.

Usiku nikampigia Baba. Kwake kulikuwa kumekucha, namsikia kondakta nyuma yake akiita watu wa Ngara. Nikamweleza yote, na namna alivyonyamaza nikajua anauona ubao huo kichwani.

"Mama," akasema, "gari la harusi ndilo hurudi."

Hadithi hiyo naijua. Kulikuwa na Toyota nyeupe, ya mtu aliyetaka ipigwe upya yote kabla ya Jumamosi. Baba akamwambia Jumamosi hii haiwezekani, labda ijayo. Yule mtu akasema, mzee, harusi haihamishwi. Ikapigwa Alhamisi. Baba akamsihi asifunge chochote juu ya boneti. Jumamosi dada zake bibi harusi wakafunga riboni, si unajua zile pana, kutoka kwenye kioo hadi kwenye grili, wakazikaza vizuri zisipeperuke. Gari likashinda juani Uhuru Park likipigwa picha. Jumatatu lilipofunguliwa, riboni zilikuwa zimeandikwa kwenye klia, hadi mshono wake unaonekana. Ilibidi boneti nzima isuguliwe na kupigwa tena. Kwa miaka kadhaa baadaye pale gereji klia iliyowahishwa ilikuwa ikiitwa bibi harusi.

Baba alicheka kuikumbuka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Nikasubiri.

Lazima niseme kidogo kuhusu hicho kikohozi, kwa sababu mazungumzo yote kuhusu klia nene na klia nyembamba hayamtaji mtu aliyeshika bunduki ya rangi. Hadena ina kemikali zinazoitwa isosayaneti. Ikishashikana na kukomaa haina neno. Unaweza kulalia uwanja wa pinboli ukipenda. Lakini ikiwa bado ni ukungu hewani, au vumbi la msasa kutoka kwa klia ambayo haijakomaa, inaingia kifuani, na kwa baadhi ya watu mwili unaikataa. Dalili zake zinafahamika: kifua kinabana jioni baada ya kazi, unakohoa usiku, ukienda shambani Desemba unapona kabisa, ukirudi Januari inarudi. Na mwili ukishaikataa, hata harufu ndogo kutoka gereji ya jirani inatosha. Kinachosaidia ni kukaa mbali nayo. Anayeipiga anatakiwa avute hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka nje, ndani ya chumba chenye feni ya kufyonza. Maski ya mkaa haitoshi kuitegemea, maana kemikali hizo haziko kwenye pua: maski ikiisha nguvu husikii chochote.

Baba alikuwa akijifunga leso. Wote walikuwa wakijifunga leso. Na jioni walikuwa wakinunua maziwa ya pakiti, kila mtu yake, wanakunywa wamesimama, kwa imani kwamba maziwa yanasafisha dawa kifuani. Nilikuwa napenda sana saa hiyo ya maziwa nikiwa mtoto, kwa sababu nilikuwa nabakiziwa. Maziwa hayafiki kwenye mapafu. Baba aliacha kupiga klia mwaka wa 3 baada ya kikohozi kuanza, kwa amri ya daktari, na sasa hukaa upande wa mbele wa gereji akisimamia fila na msasa wa maji. Vijana wakianza kuchanganya hadena anavuka barabara na kwenda kuketi kwa muuza chai. Anasema anaijua klia mbaya hata kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sauti ya bunduki. Kijana akipiga koti nzito sauti inakuwa nene.

Kwa hivyo mimi nikiona picha ya mtu akisifia unene wa klia kwenye uwanja wake, huwa nahesabu. Koti ngapi? Chumba gani? Nani?

Kikohozi kilipoisha Baba akaniuliza swali ambalo mimi na bosi hatukuwa tumeuliziana siku 2 nzima. "Na ule wa zamani, mmeutupa?"

Hatukuwa tumeutupa. Hatukuwa hata tumeung'oa; waya zote zilikuwa bado mahali pake.

Nilifanya kazi siku 3 mfululizo. Uwanja wa zamani huwezi kuusugua kwa nguvu, wino uliobaki umekaa kama unga, kwa hivyo nilisafisha kwa pamba, kipande kwa kipande, nikabandika vipande vidogo vya Mylar pembeni mwa ule upara ili usiendelee kula picha. Raba mpya. Balbu mpya. Gololi mpya, hiyo ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote na ndiyo watu husahau. Nta ya magari isiyo na silikoni, kidogo. Silikoni ikiingia kwenye nyufa za mbao, siku ukija kupiga klia itakimbia kila mahali na kuacha macho ya samaki. Upara niliuacha. Jamaa alikuja na pikapu Ijumaa, uso wake ukionyesha kwamba hakufurahia. Alikuwa amelipia mpya.

Wiki iliyofuata akapiga simu. Mzee alikuwa amecheza akiwa ameketi kwenye kiti kirefu, mke wake akimshika bega. Alicheza vibaya mipira miwili. Wa tatu ukashuka kuelekea flipa ya kulia, ukapita juu ya kidirisha kilichozama, ukayumba kidogo, naye akangoja, hakupiga pale ambapo mtu yeyote angepiga. Akapiga baadaye kidogo, mpira ukaenda juu alikotaka. Alikuwa anajua kile kishimo. Alikuwa amecheza juu yake miaka 20 na zaidi, na kwenye uwanja mpya kisingekuwepo.

Mzee alifariki mwishoni mwa Machi. Jamaa alikuja karakana Mei, si kwa ajili ya mashine, alikuwa anapita tu. Bosi akamwonyesha uwanja mpya. Wakati huo nilikuwa nimeujaribu tena kwa kucha mahali palepale, nikahesabu hadi 30, na haukuonyesha kitu. Harufu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimejaribu hata kigingi kimoja, nikakikaza na kukiacha siku 10, nikakitoa: chini palikuwa safi kama sahani. Tukamwambia sasa uko tayari. Jamaa akauangalia kwa muda mrefu, akasema ni mzuri sana, na akasema mashine haileti. Tuuze au tukae nao, ataamua.

Hajaamua. Uko ukutani juu ya meza yangu, wima, umefunikwa kwa shuka ya pamba. Juzi niliutoa shuka nikampigia Baba kwa video, maana alikuwa ameniomba auone. Akataka niuinamishe kwenye dirisha. Kushoto kidogo. Rudi. Akasogeza uso karibu na simu hadi nikawa naona jicho na paji la uso tu.

"Juu pale kuna ngozi ya chungwa."

Ilikuwepo, kiasi cha kiganja, vinundu vidogo vya mtu aliyevuta mkono haraka. Mimi na bosi tulikuwa tumeuangalia uwanja huo miezi mitano na hatukuwa tumeiona.

"Lakini ni kazi nzuri," akasema. "Ameweka koti nne, labda tano. Nani alipiga?"

Nikamwambia simjui. Ni mfanyakazi wa kiwandani, jina lake haliandikwi popote.

"Sawa," Baba akasema. "Lakini hujui kama alikuwa amejifunga nini usoni?"